Ni Nani Aliyefungua Daftari Lako?

Wengi wetu hapa shuleni ni watoto wa wakulima na wachuuzi wa Mpanda, Mlele, Tanganyika na Mpimbwe. Sare zetu, nauli zetu na madaftari yetu hutoka katika mpunga, mahindi na tumbaku, na mara nyingine hutoka katika mkopo. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike habari ya jambo lililotufika nyumbani wakati wa likizo, maana laweza kumfika mzazi yeyote.

Mama yangu hununua mpunga Mwamkulu na kuuza mchele sokoni Mpanda. Alikwenda benki kuomba mkopo wa kununulia mashine ya kukoboa. Afisa wa mikopo alitazama karatasi zake, kisha akamwuliza, "Mama, mbona katika miezi miwili umeomba mkopo mahali panne?" Mama alistaajabu, kwani alijua ameomba mahali pamoja tu, napo ni pale alipoketi. Ombi lake likawekwa kando mpaka atakapoeleza.

Basi, afisa yule alijuaje? Zamani mwenye duka alikuwa na daftari la madeni, na aliyetaka kujua tabia ya mtu alimwuliza mwenye duka. Siku hizi Benki Kuu ya Tanzania ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, iliyowekewa kanuni mwaka 2012. Mabenki hupeleka humo habari za nani amekopa, kiasi gani, na analipaje. Zipo pia kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, ambazo za kwanza zilikuwa Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Hizo huzipanga habari zikawa taarifa ya mtu mmoja mmoja, na mkopeshaji huisoma kabla ya kutoa fedha.

Sasa, kila mkopeshaji anayefungua taarifa hiyo huacha alama yake humo. Alama hiyo tuiite ulizo. Ulizo si deni. Lakini maulizo mengi katika muda mfupi humtia mkopeshaji shaka. Hudhani kwamba mtu huyu anahangaika huku na huku, na labda wengine wamekwisha mkataa. Hivyo mtu asiye na deni hata la shilingi moja aweza kunyimwa mkopo kwa sababu ya milango ambayo hakuibisha yeye.

Je, mkopeshaji aweza kufungua daftari la mtu yeyote apendavyo? La, hasha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa njia halali na kwa kusudi lililo wazi. Tena yampa mwenyewe haki ya kuziona na ya kutaka zisahihishwe. Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Marekani, tangu sheria yao ya mwaka 1970, hakuna ruhusa ya kuchukua taarifa ya mtu ila kwa sababu inayotambuliwa na sheria.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Biashara, naye akanieleza njia ya kufuata. Kwanza, mtu aombe taarifa yake mwenyewe kutoka kampuni inayoitunza, akionyesha kitambulisho cha Taifa. Pili, asome orodha ya maulizo, aandike kila jina na tarehe. Tatu, kabla ya kulalamika, ajipekue. Je, aliweka sahihi mahali akasahau? Je, alimdhamini mtu? Je, mkopeshaji yule anajulikana sokoni kwa jina jingine? Nne, kwa ulizo asilolitambua kabisa, amwandikie mkopeshaji barua ya kutaka aonyeshe kibali, na nakala aipeleke kwa kampuni inayotunza taarifa ili ulizo lifutwe ikiwa kibali hakipo. Atunze nakala zote. Tano, asipojibiwa vema, apeleke malalamiko Benki Kuu, au kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mama alifuata njia hiyo. Kati ya maulizo manne, la kwanza lilikuwa la benki yenyewe, nalo ni la haki. La pili lilitoka kwa chama cha akiba na mikopo ambako alimdhamini mjomba. La tatu, wasomaji wapenzi, naona haya kulitaja. Lilikuwa langu. Wakati wa likizo nilichezea simu ya mama nikaingia katika programu ya mikopo, nikabonyeza "nakubali" ili nione tu kiasi gani wangempa. Sikuchukua hata senti, lakini daftari lilikwisha funguliwa. Nilimwambia mama ukweli. Hakunipiga, ila alinyamaza siku nzima, na hilo lilikuwa zito kuliko fimbo.

Ulizo la nne halikuwa la mtu wa kwetu. Mama alikumbuka kwamba watu fulani walipita sokoni wakiandika namba za vitambulisho vya wachuuzi, wakisema ni kwa ajili ya semina. Semina haikuwapo. Mkopeshaji aliyetajwa katika orodha alipoandikiwa hakuweza kuonyesha sahihi ya mama, na ulizo hilo likafutwa. Lile langu lilibaki, maana kibali kilitolewa kwa simu yake. Mama alimweleza afisa habari yote, na ombi lake likaanza kushughulikiwa tena.

Katika haya nimejifunza mambo matatu. Namba ya kitambulisho ni kama ufunguo wa nyumba. Haipewi kila apitaye. Anayekutaka fedha ili "akusafishie jina" ni mwongo, kwani ulizo la haki halifutiki, na la dhuluma hufutwa kwa barua. Na mikopo ya simu yataka hadhari, maana mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina 69 ya majukwaa na programu zilizokopesha bila leseni.

Wenzangu, mkienda likizo waulizeni wazazi kama wamewahi kuona taarifa zao. Wasiojua kusoma vema, wasomeeni. Na simu za wazazi, tusizibonyeze ovyo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata daftari lenyewe yataka mwenyewe alisome.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne