Utunzaji wa Pikipiki Katika Pwani ya Kilifi na Malindi

Katika barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi, ambayo urefu wake ni kama kilometa 120, pikipiki hazikosekani saa yo yote ya mchana wala ya usiku. Huchukua watoto wa shule, samaki wa sokoni, madumu ya maji na magunia ya makaa. Na mara nyingi humchukua mgonjwa kutoka Ganze au Marafa, ambako gari ni adimu, mpaka hospitali ya Kilifi au ya Malindi.

Zamani haikuwa hivyo. Mpaka mwaka 1991, lilipofunguliwa daraja la Kilifi, msafiri alivuka mkono wa bahari mahali pale kwa kivuko, na wenye pikipiki walikuwa wachache. Mambo yaligeuka hasa Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki za chini ya cc 250, katika bajeti ya mwaka 2007/2008. Tangu hapo vijana wengi waliacha kungoja kazi ya mshahara wakajitafutia riziki kwa magurudumu mawili.

Kwa watu hao pikipiki ndiyo shamba lao. Mara nyingi imenunuliwa kwa mkopo, na ikisimama juma zima kwa sababu ya mnyororo uliokatika, deni halisimami nayo. Tena ubovu ukitokea barabarani hasara si ya fedha tu, bali yaweza kuwa ya roho. Ndiyo sababu waendeshaji wa siku nyingi hushika kanuni moja, kwamba pikipiki huangaliwa kabla haijalalamika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

CHUMVI NA KUTU

Mtu aliyezoea kuendesha pikipiki bara akija pwani hustaajabu kuona jinsi chuma kinavyoliwa na kutu upesi. Sababu yake ni hii. Mawimbi yanapovunjika, matone madogo sana ya maji ya bahari hupaa hewani, na upepo wa kusi au wa kaskazi huyachukua mpaka barabarani na majumbani. Maji hukauka, lakini chumvi hubaki juu ya chuma. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, hata chuma kikawa na umaji siku isiyokuwa na mvua, na palipo chuma, maji na hewa, kutu haikawii. Upande wa Gongoni na Marereni, yaliko mashamba ya chumvi, vumbi la njiani nalo limo chumvi.

Dawa yake si ghali. Pikipiki iliyopita ufuoni au katika njia za chumvi ioshwe siku ile ile kwa maji matamu, wala isiachwe mpaka kesho. Ingojewe kwanza injini ipoe, maana maji baridi juu ya chuma cha moto huweza kukipasua. Maji yasielekezwe kwa nguvu kwenye nyaya, kwenye kabureta wala kwenye vitovu vya magurudumu. Kisha ipanguswe kwa kitambaa kikavu, na sehemu za chuma zisizo na rangi zipakwe mafuta membamba. Vichwa vya betri visafishwe na kupakwa grisi kidogo. Lakini mafuta yasiguse kamwe tairi wala breki, kwa kuwa breki yenye mafuta haishiki.

Mahali pa kuangaliwa kwanza ni njiti za magurudumu, chini ya bamba la kuzuia matope, bomba la moshi mahali linapoungana na injini, na nyaya za breki na klachi. Waya ulioanza kukatika uzi mmoja mmoja ubadilishwe upesi, kwani siku utakapokatika wote huenda ikawa siku unapohitajiwa kuliko siku zote.

MNYORORO

Hakuna kitu katika pikipiki kinachofanya kazi ngumu na kusahauliwa kama mnyororo. Mchanga ukichanganyika na mafuta ya zamani huwa kama tupa, ukala mnyororo na meno yake pamoja.

Mnyororo usuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa, upanguswe, kisha utiwe mafuta mapya upande wa ndani huku gurudumu likizungushwa kwa mkono. Kazi hii ifanywe injini ikiwa imezimwa. Wako waliopoteza vidole kwa kuzungusha gurudumu kwa nguvu za injini ili wamalize upesi. Wakati mzuri ni jioni baada ya safari, mnyororo ungali una joto kidogo, ili mafuta yapate usiku kucha kuingia ndani.

Kukaza nako kuna kiasi chake. Katika pikipiki ndogo nyingi mnyororo, ukishikwa katikati upande wa chini, wapasa kupanda na kushuka kama sentimita 2 au 3; kipimo chenyewe kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki. Uliolegea mno huruka meno, na waweza kuzuia gurudumu la nyuma ghafula. Uliokazwa mno huharibu beringi na ekseli. Mnyororo ukivutwa kwa nyuma ukaachana na meno ya gurudumu hata nusu ya jino ikaonekana, umekwisha kazi. Hapo hubadilishwa mnyororo pamoja na meno ya mbele na ya nyuma, maana mnyororo mpya juu ya meno yaliyochakaa hauna maisha.

MAFUTA, HEWA NA PLAGI

Injini ndogo hubeba mafuta kama lita moja tu, na mafuta hayo hupoza, husafisha na kulainisha. Mwenye kuendesha kilometa 100 kila siku hufikisha kilometa 3,000 kwa mwezi mmoja. Basi asihesabu miezi kama mtu aendaye shambani mara moja kwa juma. Ahesabu kilometa, na kuzilinganisha na zile zilizoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Mafuta yatazamwe kila asubuhi pikipiki ikiwa imesimama wima mahali pa sawa. Mafuta machafu yaliyomwagwa yasitiwe tena katika injini nyingine, wala yasimwagwe kisimani au mtoni.

Katika barabara za udongo za Bamba na Ganze vumbi ni jingi, na chujio la hewa likijaa injini hukosa pumzi. Hapo hunywa petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Plagi nayo husema habari za ndani. Ikiwa ncha yake ina rangi ya hudhurungi, mambo ni mema. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, petroli inazidi hewa. Ikiwa nyeusi yenye majimaji ya mafuta, huenda pistoni imeanza kuchakaa. Ikiwa nyeupe, injini inaungua kwa joto, na fundi atafutwe bila kukawia.

TAIRI NA BREKI

Tairi hupimwa upepo asubuhi kabla ya kwenda, maana tairi iliyopata moto hudanganya kipimo. Tairi yenye upepo haba huyumba katika kona na kukata mpira wa ndani. Iliyojazwa kupita kiasi hushika barabara kidogo. Tairi ambayo mifereji yake imekaribia kwisha ni mlevi siku ya mvua.

Waendeshaji wengi huogopa breki ya mbele kwa kudhani itawapindua. Ukweli ni kwamba pikipiki ikisimamishwa uzito mwingi hukimbilia mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kuisimamisha. Katika lami kavu breki zote mbili zibanwe pamoja, kwa nguvu inayozidi kidogo kidogo, pikipiki ikiwa imenyoka. Katika mchanga, kama ule wa njia ndogo za Mambrui, breki ya mbele iguswe kwa upole sana. Mwendeshaji atazame mbali, ashike mwendo ulio sawa, wala asishindane na usukani. Baada ya kuosha au kupita majini, breki zibanwe polepole mara kadhaa katika mwendo mdogo mpaka zikauke.

MWENDO WA BARABARANI

Mwendo wa kilometa 60 kwa saa ni kama meta 17 kwa kila sekunde. Yaani mbuzi akiruka kutoka kichakani pale Tezo, na mwendeshaji akachukua sekunde moja kuona na kuamua, amekwisha pita meta 17 kabla mkono haujagusa breki. Kwa mwendo wa kilometa 40 zingekuwa meta 11. Tofauti ya meta 6 ni ndogo katika hesabu, lakini ni kubwa mbele ya mtoto anayevuka barabara.

Mvua za kwanza za masika ni za hatari kuliko zile zinazofuata, kwa sababu mafuta na vumbi vilivyokusanyika wakati wa kiangazi huelea juu ya lami na kuifanya telezi. Juu ya daraja la Kilifi upepo hupiga kwa ubavu. Usukani ushikwe imara bila kukakamaa, na nafasi iachwe kati ya pikipiki na lori linalopita. Karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, kabla ya kufika Gede, mwendo upunguzwe usiku, maana wanyama hawajui sheria za barabara.

Sheria yenyewe yataka mwendeshaji awe na leseni ya pikipiki na bima, abebe abiria mmoja tu, na wote wawili wavae kofia ngumu na koti la kung'aa. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa kadiri ya asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini kofia isiyofungwa kamba chini ya kidevu ni sawa na kofia iliyoachwa nyumbani, kwa kuwa hutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini.

SAFARI YA PAMOJA

Elimu hii yote haikupatikana vitabuni peke yake. Katika vituo vya pikipiki, toka Mtwapa hadi Malindi, mgeni wa kazi hujifunza kwa wale waliomtangulia. Mkongwe husikia mlio wa injini akajua valvu zataka kupimwa. Hutazama tairi akajua mzigo wa jana ulikuwa mzito. Kijana mwenye akili hukaa karibu na mtu kama huyo, akamshikia spana na kuuliza.

Wanaokwenda safari ndefu pamoja nao wana desturi zao. Anayeijua njia hutangulia, na mwenye vyombo hufuata mwisho. Aendaye polepole kuliko wote ndiye anayeweka mwendo wa kundi, wala hachekwi. Hawafuatani katika mstari mmoja gurudumu kwa gurudumu, bali mmoja hushika upande wa kulia wa njia yao na wa pili upande wa kushoto, kila mmoja nyuma ya mwenziwe kwa nafasi ya sekunde mbili au zaidi. Kituo cha kupumzika hupatanwa kabla ya kuondoka, mathalani Vipingo au Kilifi, ili asiwepo wa kupoteana na wenzake. Katika mfuko mmoja huwamo pampu, viraka na gundi, plagi, kiungo cha mnyororo, waya wa klachi, spana na tochi.

Katika vituo vingi pia kuna chama, ambamo kila mmoja huweka akiba kidogo. Mwenzao akivunjika mguu, watoto wake hawalali njaa siku ile ile, na deni la pikipiki hupata mtu wa kulisemea. Lakini msaada ulio bora ni ule unaotangulia ajali, yaani kumwambia mwenzio kwamba taa yake ya nyuma haiwaki, au kumnyang'anya ufunguo anapokuwa amelewa au amechoka. Maneno kama hayo huuma kwa kitambo, na baadaye hushukuriwa.

Ajali ikitokea, kwanza magari yazuiwe ili kusiwe na ajali ya pili, kisha isaidiwe nambari 999 au 112. Majeruhi asivutwevutwe wala asinyweshwe maji. Kofia yake isivuliwe kwa pupa ikiwa anapumua vizuri, kwa kuwa shingo yaweza kuwa imevunjika. Damu inayotoka kwa nguvu ibanwe kwa kitambaa safi mpaka msaada ufike.

Dakika 10 za asubuhi zatosha kutazama tairi, breki, mnyororo, mafuta na taa. Mwenye kuzitoa dakika hizo kila siku atafika na abiria wake, jioni atarudi kwa jamaa zake, na mkopo utakapokwisha kulipwa pikipiki itakuwa ingali mali yenye thamani.