Hereni ya Mwanamume na Fumbo la Sikio la Kulia

Kijana akitokea kwenye steji ya bodaboda pale Kondele, Kisumu, akiwa na hereni, mjadala huanza kabla hajakaa. Ametoga sikio lipi? Wanaojifanya wajuzi watakwambia la kushoto ni mtindo tu, lakini la kulia ni tangazo kwamba anapenda wanaume wenzake. Na akitoga yote mawili? Hapo kila mtu huja na tafsiri yake.

Kanuni hiyo haikuzaliwa Kisumu. Ilivuma Marekani miaka ya 1970 na 1980. Wanaume wanaopenda wanaume, ambao kujitangaza kungewagharimu kazi na hata usalama, walitumia alama ndogo za kutambuana: leso kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, hereni kwenye sikio moja. Hata huko alama haikutulia. Sikio lenye maana mji huu halikuwa na maana mji wa pili. Kisha wanamuziki na wanamichezo, akiwemo Michael Jordan, wakaifanya hereni kuwa pambo la yeyote. Alama ikafa, uvumi wake ukasafiri.

Kabla ya hapo wanaume walivaa hereni bila maana hiyo. Mchoro unaoaminika kuwa wa Shakespeare, ulioko National Portrait Gallery jijini London, una pete ya dhahabu kwenye sikio la kushoto.

Karibu na Kisumu kuna ushahidi mkubwa zaidi. Kwa Wanandi, wanaoishi kwenye miinuko iliyo juu ya mashamba ya miwa ya Chemelil na Muhoroni, mvulana alitogwa masikio kabla ya jando. Tundu lilipanuliwa polepole kwa vipande vya mti hadi ndewe ikaning'inia kama kitanzi. Mwenye ndewe ndefu aliweza kuikunja na kuipachika juu ya sikio isimkwaze. Masikio hayo hayakumpunguzia mtu uanaume wake. Waluo wa ufuoni mwa ziwa nao walikuwa na alama yao, nak, yaani kung'olewa meno sita ya chini, wavulana kwa wasichana. Ni misheni na shule zilizowafundisha watu kuzionea haya alama hizi, na sikio lisilo na tundu likawa sare ya mwanamume mstaarabu.

Ndiyo maana mwaka 2011 taifa zima lilijadili sikio la mtu mmoja. Dkt. Willy Mutunga, mwanasheria aliyewekwa kizuizini enzi za Rais Moi, alipendekezwa kuwa Jaji Mkuu akiwa na hereni yake. Baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga, na katika kumsaili akaulizwa waziwazi kama yeye ni shoga. Alijibu kwamba si shoga, ila hambagui aliye hivyo. Hereni ilihusu imani yake na uhusiano wake na mababu. Akaongeza kwamba kama sharti la kazi ni kuivua, basi kazi wabaki nayo. Bunge lilimwidhinisha, naye akaongoza Mahakama hadi 2016.

Raia wa kawaida hana kinga ya cheo. Sheria ya Kenya, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, inatishia kifungo cha miaka 14 kwa ngono kati ya wanaume, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Kwa hiyo neno la mzaha stejini laweza kumfukuzisha mtu nyumba ya kupanga au kumletea kipigo, awe anapenda wanaume au wanawake.

Waliohitaji jibu la kweli Kisumu walifuata njia nyingine. Mradi wa afya wa Anza Mapema, ulioanza mwaka 2015, uliwaandikisha mamia ya wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume ili wapimwe na kutibiwa virusi vya UKIMWI. Aliyetaka kujiunga aliulizwa kwa faragha kuhusu maisha yake, na jibu lake mwenyewe ndilo lililoandikwa.