Namba Nne Zinazoipeleka Kompyuta Jalalani

Kompyuta ya zamani inayotangulia au kuchelewa kwa saa moja kamili, bila kuzidi wala kupungua dakika, ni nzima. Nalisema hili mapema kwa sababu hukumu ya wengi ni kinyume chake: mwenye mashine huona saa imekosea, hukumbuka kwamba imetimiza miaka kumi na ushei, huamua kuwa imechoka, kisha huanza kutafuta nyingine. Lakini uchakavu haukosei kwa mafungu ya dakika 60. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna fuwele ndogo ya kwatsi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde, namba iliyochaguliwa kwa kuwa ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na moja, yaani pigo moja kwa kila sekunde. Fuwele ya kawaida hupotea sekunde moja au mbili kwa siku, kama dakika kumi hivi kwa mwaka, tena kidogo kidogo. Betri ndogo ya CR2032 inayoiendesha saa ya ubao ikiisha, kosa huwa kubwa mno: mashine ikizimwa husahau kila kitu, huwashwa ikidai ni mwaka wa zamani, na tovuti hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika. Ukanda wa saa ukiwa wa bara jingine, kosa ni la saa nyingi, mwaka mzima. Kosa la saa moja kamili, linalotokea wiki fulani za mwaka kisha likatoweka lenyewe, karibu kila mara lina maana nyingine kabisa: serikali ilibadilisha sheria ya kusogeza saa mbele majira ya joto na kuirudisha baadaye, na mashine haikuambiwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Marekani. Tarehe 8 Agosti 2005 Rais George W. Bush alitia saini sheria ya nishati iliyorefusha kipindi cha saa za majira ya joto kuanzia mwaka 2007. Hadi wakati huo Wamarekani walisogeza saa mbele Jumapili ya kwanza ya Aprili na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sheria mpya ilisema Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Basi usiku wa tarehe 11 Machi 2007, saa 8 ilipogeuka kuwa saa 9, kompyuta zilizobaki na kanuni ya zamani zilisubiri hadi tarehe 1 Aprili ndipo zikasogea. Kwa wiki tatu zilikuwa nyuma kwa saa moja, na vuli ilipofika zikakosea tena kwa wiki moja. Microsoft ilitoa kiraka cha bure, yaani programu ndogo ya marekebisho, kwa Windows XP iliyokuwa bado inahudumiwa. Windows 2000, ambayo huduma yake ya kawaida ilikwisha katikati ya 2005, haikupata kiraka cha namna hiyo. Wenye nayo walielekezwa kujirekebishia. Apple nayo ilishughulikia matoleo yake ya karibuni na kuyaacha ya nyuma yake. Mstari kati ya mashine nzima na mashine "mbovu" ulichorwa na tarehe ya mwisho wa huduma, na vifaa vyenyewe vilikuwa havina tofauti yoyote.

Kitu kilichopungua ndani ya mashine hizo kilikuwa kidogo sana, na hapa ndipo panapostahili kuangaliwa kwa makini. Windows huhifadhi kanuni ya kila ukanda wa saa katika sajili yake, ndani ya baiti 44 tu. Humo mna idadi ya dakika zinazoutenga ukanda huo na saa ya dunia, UTC, kisha mna maelezo ya siku mbili: ya kusogeza mbele na ya kurudisha nyuma. Siku hizo haziandikwi kwa tarehe, maana Jumapili huhama mwaka hadi mwaka. Huandikwa kwa namba ya mwezi, namba ya siku ya juma, na namba inayosema ni ya ngapi katika mwezi. Moja ni ya kwanza, mbili ni ya pili, na tano haina maana ya "ya tano". Tano ni "ya mwisho", iwe ni ya nne au ya tano kweli. Kwa hila hiyo moja kanuni huweza kudumu miaka mingi bila kalenda. Sasa linganisha sheria mbili za Marekani: mwezi wa 4 Jumapili ya 1 ikawa mwezi wa 3 Jumapili ya 2, mwezi wa 10 Jumapili ya 5 ikawa mwezi wa 11 Jumapili ya 1. Zimebadilika namba nne. Programu ndogo ya Microsoft iitwayo Tzedit humruhusu mtu kuzibadilisha kwa kuchagua kwenye orodha; kisha mtu huyo hufungua dirisha la tarehe na saa na kuuchagua ukanda wake upya, kwa sababu Windows hutumia nakala iliyoinakili awali na haiisomi mpya hadi iambiwe. Kwenye mashine za jamii ya Unix na Linux kanuni hiyohiyo huweza kuandikwa kwa mstari mmoja, EST5EDT,M3.2.0,M11.1.0, na mwenye kujua hila ya namba ataisoma mara moja: mwezi wa 3, Jumapili ya 2, mwezi wa 11, Jumapili ya 1.

Historia inaonyesha kwa nini ni muhimu kanuni hizi zibaki mahali panapobadilika. Kompyuta ya kwanza ya IBM PC ya mwaka 1981 haikuwa na saa ya betri. Ilimwuliza mtumiaji tarehe na wakati kila ilipowashwa. PC AT ya mwaka 1984 ilikuja na chipu ya Motorola MC146818, iliyoendelea kuhesabu hata mashine ikiwa imezimwa. Wahandisi wake waliongeza huduma moja ya ziada: biti moja ambayo ukiiwasha, chipu husogeza saa yenyewe Jumapili ya mwisho ya Aprili na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Marekani wakati ule. Mwaka 1986 sheria ikabadilishwa, na kuanzia 1987 saa zikasogezwa Jumapili ya kwanza ya Aprili. Kanuni iliyochongwa ndani ya chipu ikawa ya uongo miaka mitatu tu baada ya mashine kutoka, na hapakuwa na kiraka cha kuifikia. Njia pekee ilikuwa kuiacha biti hiyo imezimwa na kuukabidhi mfumo endeshi kazi ya kusogeza. Funzo lake ni kubwa kuliko chipu: kuhesabu sekunde ni kazi ya fizikia na inaweza kuchongwa, lakini kuamua sekunde hizo ziitwe saa ngapi ni kazi ya siasa, na siasa haichongwi.

Wapo watakaosema kwamba maelezo haya yote hayahitajiki: saa imekosea, isogeze kwa mkono, yaishe. Njia hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Mashine isiyojua sheria mpya, ukiisogeza kwa mkono, itaonyesha wakati sahihi kwenye kioo huku ikikokotoa saa ya dunia kimakosa kwa dakika 60. Barua pepe zake zitabeba wakati wa uongo, na faili zake zitaonekana mpya au kuukuu kuliko zilivyo. Katika mitandao ya ofisi inayotumia Kerberos kuthibitisha watumiaji, tofauti inayovumiliwa kwa kawaida ni dakika 5, hivyo mtu anaweza kufungiwa mlango kwa sababu ya saa aliyoisogeza mwenyewe. Kisha sheria ya zamani ikifika siku yake, mashine itasogea mara ya pili. Mwingine atasema intaneti italitatua, kwa kuwa kompyuta hulinganisha saa na seva za mtandaoni. Seva hizo hutuma UTC peke yake. Hazijui uko mji gani wala bunge lako limeamua nini. Zitaifanya saa yako ikosee kwa dakika 60 kamili bila hata sekunde ya ziada. Asiyeweza kuhariri kanuni ana njia ya tatu iliyo safi: achague ukanda usiosogeza saa unaolingana na wakati wake wa sasa. Mkazi wa New York anaweza kuchagua La Paz majira ya joto, na wa Chicago akachagua Bogotá, kisha kila mmoja akarudi kwenye ukanda wake wakati wa baridi. UTC hubaki sahihi, na hakuna kinachoharibika.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Mfumo usiohudumiwa una matundu mengi kuliko saa, na huenda kosa la saa ni ishara njema ya kuustaafisha. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Windows ya miaka ishirini iliyopita haifai kufungulia akaunti ya benki. Lakini kompyuta nyingi za umri huo haziko mtandaoni kabisa: zinaendesha mashine za karakana, vipimo vya maabara, hesabu za duka, maandishi ya shule. Nyingine zinaweza kuwekewa Linux nyepesi na kuendelea. Mwaka 2022 dunia ilizalisha takriban tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tukumbuke pia kuwa sheria ya 2005 ilitungwa ili kuokoa nishati. Wizara ya Nishati ya Marekani ilipopima, ilikuta umeme uliookolewa ni asilimia 0.5 hivi kwa kila siku ya nyongeza, sawa na asilimia 0.03 ya matumizi ya mwaka mzima. Kompyuta hubeba nishati nyingi ya kiwandani kabla hata haijawashwa mara ya kwanza. Kuitupa kwa ajili ya namba nne ni kuigeuza majivu akiba iliyotafutwa kwa shida.

Je, tusisubiri tu dunia iachane na desturi hii? Kuachana nayo nako ni kubadilisha sheria. Mexico ilifuta saa za majira ya joto mwaka 2022 katika sehemu kubwa ya nchi. Tangu hapo, kompyuta isiyoambiwa hutangulia kwa saa moja kila ifikapo Aprili. Urusi ilibadilisha mwaka 2011 na tena 2014. Misri iliacha mwaka 2011, ikarudisha 2014, ikaacha, ikarudisha 2023. Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 kukomesha mfumo huo, lakini nchi wanachama hazijaafikiana. Siku zitakapoafikiana, kila mashine ya Ulaya itahitaji kanuni mpya. Kinachoiokoa dunia katika mabadiliko haya ni hifadhidata ya wazi ya kanuni hizi iliyoanzishwa na Arthur David Olson, ikatunzwa kwa miaka mingi na Paul Eggert, na tangu 2011 ikawa chini ya IANA, shirika linalosimamia namba na majina ya intaneti. Ni faili za maandishi, ni mali ya umma, na mtu yeyote anaweza kuzipeleka kwenye mashine ya Unix ambayo mtengenezaji wake alishaisahau.

Sisi wa Afrika Mashariki hatusogezi saa, na kwa sababu hiyo tunapuuza jambo linalotufikia kwa mlango wa mtumba. Kompyuta iliyotumika London au Toronto huja na ukanda wake. Fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa mtaa wa Luthuli, Nairobi, akitafuta saa tatu mbele ya UTC kwenye Windows XP isiyosasishwa hukuta Nairobi, lakini pia hukuta Moscow na Baghdad, ambazo katika mfumo huo husogeza saa. Aliyechagua Moscow kwa kuwa saa ililingana mwezi Januari atashangaa mwisho wa Machi. Kwa Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, ukanda salama ni wa Harare na Pretoria, na Cairo iepukwe. Penye mifumo endeshi miwili ndani ya mashine moja, mmoja ukiweka saa ya ubao kwa wakati wa mahali na mwingine kwa UTC, itabidi yote miwili ifuate namna moja, la sivyo kila mmoja utauharibia mwenzake.

Kanuni hizohizo zimejificha kwenye saa za ukutani zinazojisogeza, vidhibiti vya joto vya nyumba, rekoda za video, kamera za ulinzi, mashine za kugonga kadi za wafanyakazi, redio za magari na vifaa vya hospitali, na vingi havina hata dirisha la kuzihariri. Hapo ndipo lawama inapostahili kuelekezwa. Mtengenezaji ana haki ya kusitisha huduma ya bidhaa yake ya zamani. Hana haki ya kufungia ndani yake kanuni ambayo si yake, iliyotungwa na bunge na itakayobadilishwa na bunge. Huduma ikikoma, jedwali la saa libaki wazi mikononi mwa mwenye mashine, pamoja na maelezo ya kulihariri. Hadi hapo, anayekuta kompyuta imekosea kwa saa moja kamili aangalie ukanda na namba nne kabla ya kuangalia bei ya nyingine.