Upangaji wa Vitufe vya Kazi katika Kihariri cha Kompyuta Kuu kwa Uingizaji wa Data za Toni za Kisambaa

Kisambaa, lugha ya Lushoto na sehemu kubwa ya milima ya Usambara Magharibi, hutofautisha tonijuu mbili zilizo sawa na tonijuu mbili ambazo ya pili imeshuka. Odden (1982) anaonesha kuwa nyóká (nyoka) lina tonijuu zilizo sawa, ilhali ngó!tó (kondoo) lina mshuko, unaowakilishwa hapa kwa alama ya mshangao. Alama hiyo ikipotea katika uchapaji, tofauti hiyo hukosa ushahidi. Sehemu hii inaeleza namna ya kuilinda kwa kupanga upya vitufe vya kazi vya ISPF, kihariri matini cha kompyuta kuu za IBM.

Wazo linalokuja kwanza ni kukipa kila kitufe irabu yake: F4 kiandike á, na kadhalika. Halifai. Katika mfumo wa terminali za 3270, kitufe cha kazi hupeleka yaliyochapwa kwenye kompyuta kuu, na kibodi hufungwa hadi jibu lirudi. Nyóká pekee lingesimamisha uchapaji mara mbili.

Inafaa zaidi kuchapa 1 baada ya irabu yenye tonijuu na 9 penye mshuko: nyo1ka1, ngo19to1. Kisha makro moja ya REXX hubadilisha faili zima. Mtafiti hutoa amri KEYS na kuandika jina la makro hiyo kwenye nafasi ya F4. Makro ianze na irabu, kisha ibadilishe 9 inayofuata irabu yenye alama tu. Vinginevyo hata mwaka 1911, wa sarufi ya Roehl, utaharibika. F5 na F6 viachwe vilivyo, kwa kuwa hurudia utafutaji na ubadilishaji, kazi isiyokwepeka wakati wa uhakiki. Mfuatano wenye ng' utafutwe ndani ya alama za nukuu mbili, kwani kihariri huweza kuichukulia apostrofi kuwa mpaka wa mfuatano.

Faili la tarakimu lihifadhiwe kama nakala ya msingi. Baiti ambayo katika jedwali la herufi 037 ni alama ya mshangao, katika jedwali 500 ni mabano ya mraba, tarakimu hazibadiliki. Aidha, mpangilio wa vitufe hukaa katika wasifu wa mtumiaji mmoja, hivyo F4 ya mtafiti mwingine itafanya jambo jingine kabisa. Makro yenyewe iwekwe kwenye kiambatisho cha tasnifu.