Duka Lisilo na Mlango

Ye yote afikaye stendi ya Nane Nane mjini Mbeya alfajiri, baridi ya mlima Loleza ikiwa bado haijawatoka watu mabegani, ataona jambo ambalo miaka ishirini iliyopita halikuwapo. Mabasi yatokayo Dar es Salaam hushusha abiria, kisha hushusha vifurushi, na wenye vifurushi hivyo si wenye maduka peke yao. Yupo mwalimu aliyeagiza viatu, yupo mwuguzi aliyeagiza vitenge, yupo fundi wa gereji aliyeletewa kipuri. Kila mmoja ameshika simu yenye picha ya stakabadhi, naye amekwisha kumlipa mtu ambaye hajapata kumwona kwa macho.

Mabasi yarudipo pwani hubeba mchele wa Kyela na maparachichi ya Rungwe, na yakipita Iringa huongezewa vikapu. Hii ndiyo biashara ya mtandaoni katika Nyanda za Juu Kusini. Wengi wakilisikia jina hilo hudhani ni kazi ya wataalamu wa mitambo. Kwa hakika simu ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Sehemu kubwa ni barabara ile ya kilometa zaidi ya 800 kati ya Mbeya na Dar es Salaam, na kubwa kuliko barabara ni imani kati ya watu wasiojuana.

Zamani mtu wa Mafinga aliyetaka kitu cha Kariakoo alimpa fedha jamaa aliyesafiri, akangoja. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi, 2007, na kufika kwetu mwezi wa Aprili, 2008, fedha ikapata mbio kuliko mzigo. Fedha hufika kwa nukta chache, mzigo hufika kesho au kesho kutwa. Neema ya biashara hii ilianzia hapo, na mashaka yake yalianzia hapo hapo. Katika siku ile moja au mbili, muuzaji anayo fedha na mnunuzi hana kitu ila ahadi.

Mwezi wa Novemba, 2019, kampuni kubwa ya Jumia, iliyokuwa ikiuza bidhaa mtandaoni katika nchi nyingi za Afrika, ilifunga shughuli zake hapa Tanzania. Walikuwapo waliosema kwamba Watanzania hawajawa tayari kwa biashara ya namna hii. Sikubaliani nao. Siku zile zile watu wetu walikuwa wakinunua kwa WhatsApp na Instagram kila siku, kutoka kwa mama mwenye simu moja na chumba kimoja cha kuwekea mali. Kilichokuwa kigumu, kwa maoni yangu, ni kulipia maghala na magari ya kufikisha mzigo mlangoni kwa mtu, katika nchi ambamo nyumba ilijulikana kwa mwembe au kwa kanisa lililo karibu. Yule mama hakuyahitaji hayo. Basi laijua stendi, na mnunuzi aijua stendi.

Huyu mama afanya nini hata wateja wamrudie? Nimewatazama wengi, na jibu langu ni kwamba huibeba ile hofu ya mnunuzi kama sehemu ya mzigo. Huipiga picha mali halisi iliyo mbele yake, wala haazimi picha nzuri ya mtu mwingine. Aufungapo mzigo huupiga picha tena. Akirudi kutoka stendi hutuma stakabadhi, namba ya basi na saa litakapoondoka. Kitu kikiwa na doa husema kina doa. Na hutaja bei. Nashangaa sana kuona wauzaji wengi wakificha bei, wakimtaka mtu aulize faraghani kana kwamba aomba posa! Mfanyakazi wa mashamba ya chai ya Mufindi mwenye mshahara wa kuhesabu akikuta bei imefichwa huona kwamba itapimwa kwa sauti yake, naye hupita.

Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza kilo 25 za mchele wa Kyela kwa muuzaji mmoja wa simu. Mchele ulifika upesi, umefungwa vizuri. Ulipopikwa haukuwa na ile harufu imwitayo jirani, na punje zake zilikuwa za namna mbili. Nilipompigia simu hakupokea, na kesho yake sikuuona tena ukurasa wake. Hasara yangu ilikuwa ndogo. Hasara kubwa ni ya mkulima wa Kyela, ambaye jina la mahali pake ndilo lenye thamani, nalo latumiwa kuuza mchele wa kuchanganywa. Anunuaye sokoni aweza kuuchota mchele kwa kiganja na kuunusa. Anunuaye kwa simu analo jina tu. Kwa hiyo mwongo mmoja wa mtandaoni huharibu soko la watu wasiomjua kabisa.

Wala mnunuzi hana budi kukaa kama kipofu. Kabla ya kuthibitisha malipo, simu humwonyesha jina la mpokeaji. Likiwa jingine kuliko lile aliloambiwa, na aulize kwanza. Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa mwezi wa Januari, 2020, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yaruhusu mazungumzo ya simu kupokewa mahakamani kama ushahidi. Basi ujumbe usifutwe kabla mzigo haujafunguliwa.

Sasa nije kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi huanguka huku wakisifiwa. Tuseme kijana wa Iringa amenunua kikapu kwa mfumaji kwa shilingi 12,000, akakitangaza kwa 18,000 na nauli juu yake mwenyewe. Hujisemea: faida yangu ni 6,000. Lakini bodaboda mpaka stendi ya Igumbilo ni 2,000, basi ni 3,000, mfuko na kamba 500, bando 300, na ada ya kutoa fedha 400. Jumla 6,200. Amefanya kazi kutwa nzima na amepata hasara ya shilingi 200, lakini kwa kuwa fedha yaingia katika simu yake kila siku, hujiona anaendelea. Mwezi wa tatu mtaji umekwisha naye hajui ulikokwenda.

Mwenzake aliye makini hangoji bahati. Huwaambia wateja kwamba mizigo huondoka Jumatatu na Alhamisi. Vikapu vitano huingizwa kimoja ndani ya kingine, vikawa mzigo mmoja. Bodaboda ni ile ile 2,000. Basi tuseme 5,000. Mifuko 1,500, bando 300, ada 1,500. Katika 30,000 yametoka 10,300, yamebaki 19,700. Bei ni ile ile, kikapu ni kile kile. Nimetia tarakimu za mfano tu, kila mtu aweke zake. Lakini azitie katika daftari la karatasi.

Nasema karatasi kwa sababu. Mwezi wa Mei, 2024, nyaya zilizo chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika nchini kote. Mwishoni mwa Oktoba, 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Mara zote mbili muuzaji ambaye majina ya wateja wake yalikuwa ndani ya WhatsApp tu alibaki ameduwaa, hajui nani amelipa na nani bado. Aliyekuwa na daftari lenye namba za simu alikuwa na mahali pa kuanzia.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Kikapu cha Iringa chatokana na milulu, nyasi zikatwazo mabondeni, zikakaushwa, zikapasuliwa, zikatiwa rangi, kisha mwanamke akaketi siku kadhaa akifuma. Picha ya kikapu hicho leo yaonekana London na Marekani, na bei yake huko ni mara nyingi ya ile aliyolipwa mfumaji. Simu imefupisha njia kati ya mfumaji na mnunuzi, lakini mara nyingi aliyepita katika njia hiyo fupi ni mchuuzi peke yake. Wapo waliojaribu vingine. Neema Crafts, iliyoanzishwa mjini Iringa mwaka 2003, imewapa watu wenye ulemavu kazi na ujira kwa kutengeneza vitu vya mikono vinunuliwavyo na wageni. Vikapu Bomba nao wafanya kazi na wafumaji wa vijijini na kuuza nje ya nchi.

Lakini haifai kila kijiji kingoje mwokozi. Wafumaji kumi wakijiunga, simu moja yatosha, na binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne aweza kuishika kwa ujira. Sheria imezitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Kikundi chenye daftari la mauzo chaweza kwenda kuomba mkopo huo kikiwa na jambo la kuonyesha. Na sharti la kwanza la kikundi hicho liwe hili: bei aliyolipa mnunuzi isomwe kwa sauti mbele ya wafumaji wote, kila mwisho wa wiki, pamoja na nauli na ada zilizokatwa.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, mwezi wa Oktoba, 2023, mzigo ukabidhiwao Igumbilo jioni waweza kuwa Dar es Salaam asubuhi. Zile siku mbili za hofu zimekuwa usiku mmoja.