Mpanda Mlima Hushuka

Wazazi wengi wa Nairobi huwalaumu watoto kwa kushinda mbele ya runinga, ilhali wao wenyewe hawajawaonyesha yaliyo nje ya mlango. Mimi nilikuwa mmoja wao, hadi siku tulipoabiri treni na mama watoto na wanetu wawili, tukashuka Maai Mahiu, kisha matatu ikatufikisha Longonot.

Tulikwea hadi ukingo wa shimo la volkeno, tukatazama msitu uliositawi mahali palipowahi kutoka moto. Kilele, chenye kimo cha mita 2,776, kilikuwa bado ng'ambo. Nilishikilia tuendelee. Kitindamimba wetu, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa ameishiwa na nguvu.

"Baba, kwani mlima huu utahama?" akauliza.

Niliona haya. Niliyedai kumfunza mtoto uvumilivu, kumbe nilikuwa nikitafuta sifa zangu mwenyewe! Tukateremka.

Ndugu msomaji, mpeleke mwanao mlimani, lakini mwendo uwe wake. Wahenga walinena kuwa mpanda ngazi hushuka. Mtoto aliyeshuka angali na furaha ndiye atakayeomba kupanda tena.