Mto Tana ukilazwa na kamera

Ndugu zangu wa Pwani, picha hizi mmeziona: mwamba mweusi, wingu zito la kusi, na bahari imelala kama ukungu, ilhali siku hiyo hata ngalawa haikuthubutu kutoka. Wengi hudhani ni ufundi wa kompyuta. Si hivyo, ni muda tu.

Pazia la kamera kwa kawaida hufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, wimbi likagandia hewani. Ukiliacha wazi sekunde 30, kilichotulia hutoka safi, na kinachosogea hujichora juu ya mchoro wake mpaka kikawa moshi. Mwamba hubaki, povu hugeuka maziwa. Mchana picha kama hiyo ingeungua ikawa nyeupe tupu, ndiyo maana lenzi hufunikwa kwa kioo cheusi. Kile kinachopunguza mwanga mara 1,000 hugeuza sekunde 1/30 kuwa kama sekunde 33. Kamera isimame juu ya stendi ya miguu mitatu, na upepo usiitikise.

Huku Garissa ninakoishi hatuna bahari. Tuna Tana. Masika yakiujaza, jua la jioni huchungulia chini ya wingu upande wa Madogo, maji ya tope yakawaka kama shaba, na nguzo za daraja ndizo miamba yetu. Picha yake ya sekunde 30 inapendeza, sikatai.

Lakini nina neno. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha barabara ya Paris yenye shughuli tele. Ilichukua dakika kadhaa, na farasi, magari na wapita njia wote wakatoweka. Aliyeonekana ni mtu aliyetulia akisuguliwa viatu.

Sasa fikiria Aprili 2024, maji yalipoikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi, watu wakawa wanavushwa kwa boti, na tarehe 28 boti moja ikapinduka Kona Punda, watu wakafa, Mungu awarehemu. Sekunde 30 zingefuta boti, magogo na mkondo wenyewe. Lingebaki ziwa tulivu. Na mtu wa Hola au Garsen, ambaye maji hayo yako njiani kumfikia kabla ya kumwagika baharini Kipini, angepokea picha hiyo kwenye simu akaona mto umelala.

Mto wa mafuriko mimi ningeupiga kwa sekunde 1/500, gogo lionekane gogo. Ukitaka uzuri kidogo, nusu sekunde yatosha: maji huacha michirizi, na jicho hujua yanakimbilia wapi. Ile ya sekunde 30, andika chini yake muda uliotumia kabla hujaisambaza. Na darajani kuna askari. Zungumza nao kwanza, maana mgeni anayelielekezea daraja kamera jioni bila maelezo hatapata picha wala amani.